Chombo cha Kunyolea cha Babu, na Namna ya Kuyajua Madini Yake



Leo nataka kuwaeleza namna ya kuvitambua vyombo vya kunyolea vya zamani, vile vyenye mpini na wembe mwembamba wa kubadilishwa. Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu amekosa la kusema, hata atuzungumzie nyembe?" Ngojeni kidogo. Chombo kimoja cha namna hiyo kilitaka kuivunja nyumba yetu, na kama hatungalijua haya nitakayosema, mtu mwema angalikufa akiitwa mwizi.

Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana Burma, akarudi kwao mwaka 1946. Katika sanduku lake alileta chombo cha kunyolea cha rangi ya dhahabu, na watu wa kijiji walikuja kukitazama. Alipofariki, sanduku liliwekwa kwa baba mdogo. Miaka mingi ikapita. Siku ya kugawa urithi likafunguliwa mbele ya wote, na kumbe! chombo kilikuwa cha manjano iliyofifia, chenye madoa ya kijani. Shangazi akasema, "Hiki sicho. Cha baba kilikuwa dhahabu." Hakutaja jina la mtu, lakini macho yote yalimwelekea baba mdogo, naye akainama asiseme neno. Basi wazee wakanipa mimi nikikague, kwa kuwa ni mwalimu.

Kwanza tujue asili ya vyombo hivi. Mwaka 1880 ndugu wa jamaa ya Kampfe, huko Marekani, walipata hati ya chombo chenye kinga ya kuzuia wembe usikate ngozi. Lakini wembe wake ulikuwa mnene, ukahitaji kunolewa kila mara. Mwaka 1895 mchuuzi mmoja wa Marekani, King Camp Gillette, alifikiri kufanya wembe mwembamba wa kutumiwa kisha kutupwa. Mafundi walimwambia kuwa feleji nyembamba namna ile haiwezi kutiwa ukali. Ndipo William Nickerson alipoipata njia. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara, viliuzwa vyombo 51 tu na nyembe 168. Walakini mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza vyombo 3,500,000 kwa askari wake wa Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo askari wakavichukua kwao, na kazi ya kinyozi ikaingia nyumbani.

Sasa, ukikipata chombo cha namna hii, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: kina vipande vingapi? Vile vya zamani vina vipande vitatu: kifuniko, sahani yenye kinga, na mpini wa kukaza kwa parafujo. Wembe wa kwanza wa Gillette ulikuwa na matundu matatu ya mviringo. Tangu mwaka 1930 ulitolewa wembe mwingine wenye mwanya mrefu katikati. Mwaka 1934 kikatokea chombo cha kipande kimoja, ambacho ukizungusha kitako cha mpini, milango miwili hufunguka juu kama ya kabati. Basi chombo chenye milango hiyo si cha Vita Kuu ya Kwanza, hata mwenye kukiuza akila kiapo.

Swali la pili: kimeandikwa nini? Geuza sahani, tena tazama shingo ya mpini. Hapo mara nyingi utakuta jina la kiwanda na nchi. Ukiona tarehe 15 Novemba 1904, usidhani kuwa ndiyo siku chombo kilipotengenezwa. Hiyo ni tarehe ya hati iliyomlinda Gillette asiigwe, nayo ilipigwa katika vyombo kwa miaka mingi. Ulinzi ule ulikwisha mwaka 1921, na baada ya hapo viwanda vingine vikaiga kwa wingi. Katika vyombo vya Gillette vilivyotengenezwa Marekani baada ya mwaka 1950, herufi yaonyesha mwaka na tarakimu yaonyesha robo ya mwaka: mathalan F na 2 ni robo ya pili ya mwaka 1960.

Swali la tatu, nalo ndilo kubwa: ni cha madini gani? Rangi ya juu ni nguo tu. Mwili umo ndani. Vyombo vingi vyema vilifanywa kwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kisha vikavikwa ngozi nyembamba ya fedha, au ya nikeli, au ya dhahabu. Vingine ni vya zinki, vingine vya alumini kama sufuria zetu, vingine vya chuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili shaba ilitakiwa kwa risasi, ndiyo sababu vyombo vingine vya miaka ile vina mpini wa plastiki.

Anza na sumaku. Ikishika kwa nguvu, ndani mna chuma. Ikivuta kidogo sana, labda ni ngozi ya nikeli tu. Kisha tazama kutu, maana kila madini hulia kwa machozi yake: chuma hutoa kutu nyekundu, shaba hutoa kijani, zinki hutoa unga mweupe na kuvimba. Fedha huwa nyeusi, lakini dhahabu haibadiliki. Mpini wa plastiki nao usugue kwa kidole gumba hata upate moto, kisha unuse. Ukinuka kafuri, ni seluloidi. Uweke mbali na moto, maana huwaka upesi. Ukinuka dawa ya kabolika, ni bakelaiti, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyekaa Marekani, mwaka 1907.

Enyi wanafunzi, kipimo hiki ni chenu. Pimeni mpini katika mizani, kisha ufungeni uzi mkaupime tena ukining'inia majini. Ukiwa na tundu ndani, hakikisheni maji yameingia na mapovu yametoka. Tuseme ulipata gramu 34, na majini gramu 30. Tofauti ni 4. Gawanyeni 34 kwa 4, jibu 8.5: hiyo ni shaba ya manjano. Zinki ya viwandani hutoa karibu 6.7, alumini 2.7, na dhahabu safi zaidi ya 19.

Hayo ndiyo niliyoyafanya mbele ya jamaa. Sumaku haikushika. Mizani ikasema 8.5. Shangazi akasema, "Si nimewaambia? Kimebadilishwa." Nikaomba kioo cha kukuzia, nikatazama ndani ya mifereji myembamba ya mpini na chini ya sahani. Mle ndani dhahabu ilikuwako bado, ikimeta kama siku ya kwanza. Na juu, mahali ilipokosekana, palikuwa na mikwaruzo mingi ya kuzunguka.

Mikwaruzo ile niliijua. Nilipokuwa na miaka tisa, macho ya Babu yalikuwa yamekwisha, na mimi ndiye niliyemwoshea chombo chake. Siku moja nilikisugua kwa majivu na mchanga ili nimpendeze. Kilimeta sana, maana shaba mpya humeta. Babu akakipapasa, akasema, "Kimetakata, mjukuu wangu. Ahsante." Dhahabu yote ilikuwa imekwenda na maji.

Nikawaambia jamaa yote. Shangazi akasimama, akamshika baba mdogo mkono, akamwomba radhi. Mimi nami nikamwomba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu alikuwa mimi.

Basi, wasikilizaji, mkivikuta vyombo kama hivi katika masanduku ya wazee, msivisugue kwa mchanga wala majivu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vyatosha. Wala msikubali neno la mwenye kununua au mwenye kuuza, wala msimshitaki ndugu, kabla hamjapima. Chombo cha Babu hakikuwa dhahabu hata siku moja; sasa kimo nyumbani kwa baba mdogo, na kila Jumapili hunyolea ndevu.

Kwaherini.