Waya au Mawimbi: Mawasiliano ndani ya Jengo la Ushirika
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Lushoto



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la chama limehamia ndani ya kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika yenyewe hutumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa jina la MUVU, katika usajili na usimamizi wa vyama. Kwa sababu hiyo, jambo ambalo zamani lilikuwa la mafundi peke yao sasa limefika mbele ya Bodi: katika jengo kubwa lenye ofisi, ukumbi, ghala na mizani, je, kompyuta ziunganishwe kwa waya, au kwa mawimbi ya redio ambayo wengi huyaita waifai?

Jibu lake si gumu. Chombo kisichohama kifungwe waya. Kinachohama kipewe mawimbi. Na kabla ya senti moja ya wanachama kutumika, jengo lipimwe likiwa na mzigo wake.

Waya hufanana na mfereji wa maji mashambani: maji yakitiwa juu humfikia mwenye zamu hata kama njiani pana kichaka. Mawimbi hufanana na mvua: huwafikia wengi kwa mara moja, lakini hukingwa na kila paa.

Milima ya Usambara ina mapaa ya kila aina. Mjini Lushoto, uliokuwa ukiitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani, yangalipo majengo ya enzi hizo yenye kuta nene za mawe. Kwingineko maghala yamejengwa kwa mabati. Ukuta mnene wa mawe huyanyonya mawimbi na kuyapunguza nguvu; bati huyarudisha yalikotoka. Aidha, vyombo vingi vya waifai hutumia mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta kwa nafuu, bali nafasi yake ni finyu: kati ya njia zake, ni tatu tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Yale ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na mwendo wa kasi, lakini huchoka mapema yakutanapo na ukuta.

Lipo jambo la pili ambalo mkulima wa Lushoto atalielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mwaka 2012 kampuni ya Boeing ya Marekani ilieleza jinsi ilivyopima usambaaji wa mawimbi ndani ya ndege iliyojaa abiria. Kwa kuwa ni taabu kuwaketisha watu kwa siku nyingi bila kutikisika, viti vilijazwa magunia ya viazi, jumla yake paundi 20,000, yaani takriban kilo 9,000. Viazi vilichaguliwa kwa sababu maji yaliyomo ndani yake huyanyonya na kuyarudisha mawimbi karibu sawa na mwili wa binadamu.

Fundisho lake kwa vyama vya milimani ni kubwa. Fundi akija kupima ghala likiwa tupu, mawimbi yatapita kutoka pembe hadi pembe, naye atatoa taarifa kwamba kazi imekamilika. Msimu ukifika, ghala likajaa viazi, kabichi na karoti, mawimbi yaleyale yatafifia. Karani wa mizani atajikuta na foleni ya wakulima mlangoni na chombo kisichopokea wala kutuma habari. Hapo ndipo uzito huandikwa kwenye vipande vya karatasi ili uingizwe baadaye, na kipande kikipotea, ugomvi huanza. Kilo isiyoandikwa ni jasho la mtu lililokwenda bure. Kwa hiyo mizani ya kupokelea mazao, kompyuta ya mhasibu na ile inayotunza kumbukumbu za chama ni vyombo vya kufungwa waya.

Hata hivyo, waya nao una masharti. Kwanza, waya wa shaba wa kawaida wa mtandao haufai kuzidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa, ambazo kwa desturi hugawanywa kuwa mita 90 za waya wa kudumu ukutani na 10 za vipande vya kuunganishia. Ghala likiwa mbali zaidi, pawekwe swichi katikati, au utumike waya wa nyuzi za kioo, jamii ya ule wa Mkongo wa Taifa. Pili, waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine huweza kubeba msukosuko wa radi na kuunguza mitambo ya pande zote mbili. Nyuzi za kioo hazipitishi umeme, nazo ndizo zifaazo hapo. Tatu, madukani umo waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje. Bei yake huvutia, lakini ni dhaifu, hukatika upesi na hupoteza nguvu ya mawasiliano. Makubaliano na fundi yataje wazi kwamba unatakiwa waya wa shaba tupu, uliopitishwa ndani ya mabomba ili panya wasiutafune.

Mawimbi pia yana mahali pake halali. Katika ukumbi wa mikutano wajumbe huja na simu na kuondoka nazo. Kutandaza waya kwa kila kiti ni upotevu wa fedha. Ofisa anayezunguka ghalani kuhesabu magunia hawezi kuburuta waya nyuma yake. Lakini ikumbukwe kwamba vyombo vyote vinavyotumia njia moja ya mawimbi hupokezana zamu. Wakiongezeka watu, kila mmoja husubiri zaidi. Tena mawimbi hayaishii ukutani. Hufika hadi barabarani. Majina na malipo ya wanachama yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo neno la siri liwe imara, na wageni wapewe njia yao iliyotengwa na ile ya hesabu.

Dunia nzima imefuata mpango huohuo. Simu ya mkononi huonekana haina waya, lakini mazungumzo yake hushika waya mahali fulani baada ya kupokewa na mnara, na habari za ng'ambo huvuka bahari kwa mikongo kama SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Shina ni waya. Matawi ndiyo mawimbi.

Kabla ya Mkutano Mkuu kupitisha makisio, inampasa Katibu achore ramani ya jengo, aonyeshe vyombo visivyohama na vinavyohama, apime umbali kwa futi kamba, na aandike kila ukuta umejengwa kwa nini. Fundi aitwe kupima mawimbi katika msimu wa mavuno, si kiangazi ghala likiwa tupu. Hapo wanachama watapiga kura wakijua wanachonunua, na mkulima aliyeteremsha gunia lake kutoka Mlalo au Mtae ataondoka na stakabadhi yenye kilo zake zote.