Kishona Nguo na Ndugu Zake: Majina ya Mimea na Ndege Nakivale



Nianze na gugu ambalo limemganda kila mmoja wenu aliyewahi kupita shambani. Mbegu yake ni kijiti cheusi, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, chenye miiba miwili au mitatu nchani, na kila mwiba una vinywele vilivyoelekea nyuma. Kuingia kwenye pindo la kitenge ni rahisi, kutoka hakitaki. Waswahili wameliita kishona nguo. Wanyankole wanasema enyabarashana, Wanyarwanda inyabarasanya. Ndani ya jina la Kinyankole mna kitenzi cha kurushiana mishale. Mswahili ameona sindano, mwenyeji wa huku ameona vita, na majani ya mmea huohuo husagwa yakabandikwa kwenye jeraha ili damu ikate.

Kwa anayetafuta asili ya majina ya namna hii, sijui mahali pazuri kuliko Nakivale. Makazi yale ya wakimbizi, hapa Uganda, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa bado wanawasili. Baada yao wakaja Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiswahili kikawa lugha ya foleni, ya zahanati na ya soko, na mara nyingi ni Kiswahili cha Kivu, si cha Unguja. Wanaotaka kukisahihisha wajaribu kwanza kununua mboga nacho.

Dai langu ni hili: mimea na ndege wa porini huku wana majina ya ukoo mmoja, na mazao yana majina ya njia yalizopitia.

Tazameni kingo za Ziwa Nakivale. Matete yale marefu yenye vichwa vya nyuzinyuzi Mnyankole huyaita efunjo, Mnyarwanda na Mrundi urufunzo, na kamusi za Kiswahili zina mafunjo. Hapo hakuna aliyeazima kwa mwenzake juzi wala jana; neno ni la mababu. Mti mchungu wanaonywesha watu wenye homa ni omubirizi kwa Kinyankole, umubirizi kwa Kinyarwanda na Kirundi. Mrundi aliyeshushwa kwenye lori hakuhitaji mkalimani ili auombe kwa jirani. Na ndege mweupe anayefuata ng'ombe wa pembe ndefu ni enyange, inyange, kwa Waganda nnyange, na pwani yangeyange. Rwanda wameipa hata kampuni ya maziwa jina hilo.

Mazao hayana udugu huo. Mahindi yalitoka Amerika, lakini jina la Kiswahili linataja India, kama vile viazi vya Andes vilivyokuwa viazi ulaya. Mganda anasema kasooli, Mnyarwanda ibigori. Muhogo ulipanda bara ukawa muwogo kwa Waganda, ilhali Mnyarwanda ana imyumbati yake. Majani yake ni kisamvu Tanzania, sombe Kivu, isombe Rwanda na Burundi, pondu kwa wasema Kilingala. Mkaratusi, mti uliotoka Australia na jina lake la kisayansi mgongoni, umepindishwa na kila ulimi ulioupokea: kalittunsi kwa Waganda, inturusu kwa Wanyarwanda.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha ndizi. Neno ambalo kwetu linabeba ndizi zote, Uganda limebanwa likabaki na aina moja: vile vidogo vitamu, sukali ndiizi. Mama aliyetoka Bukavu akiagiza ndizi hapa Mbarara, akiwa na nia ya kupika, atapimiwa tunda la kumpa mtoto, kisha ataonyeshwa matooke kana kwamba ni kitu kingine kabisa. Mnyarwanda naye aina hiyohiyo huiita kamaramasenge, na ndani ya jina hilo yumo masenge, yaani shangazi.

Kuna majina ambayo mchunguzi hapaswi kuyaita kutoa ushahidi. Ndege anayesikika kabla ya mvua pwani ni dudumizi au tipitipi. Waganda wanamwita ttuttuma. Yanafanana, lakini ndege mwenyewe ndiye aliyeyatamka, na masikio mawili yasiyojuana yanaweza kuandika mlio mmoja. Kwarara naye, ambaye kelele zake mnazijua, Waganda humsikia akidai mpa abaana, nipe watoto, wakamwita mpaabaana.

Halafu kuna korongo mwenye taji, ndege wa bendera ya Uganda, anayeliharibu dai langu. Ni ndege wa mabwawa ya nchi hizi zote, lakini Mnyankole anasema entuuha, Mnyarwanda umusambi, Mganda ŋŋaali. Hakuna udugu wowote. Nadhani ndege anayetazamwa sana, anayeigwa katika ngoma na kushikwa na koo kama mwiko, kila jamii hujitengenezea jina lake. Vivyo hivyo mti wenye maua mekundu ambao Wanyarwanda huuita umuko: katika simulizi za shujaa Ryangombe, aliyepigwa pembe na nyati, ndio uliomhifadhi, na Warundi huuita umurinzi. Neno hilo Mswahili analijua bila kufundishwa: mlinzi.

Kazi inayofuata ni ya wanafunzi. Msiniletee orodha ya majina matupu. Nileteeni tawi lililokaushwa, kijiji alikotoka msemaji, na sentensi nzima aliyoisema. Anzieni kwa watoto waliozaliwa Kashojwa, humo Nakivale, ambao mboga moja huisikia lengalenga kwa jirani Mkongo, dodo sokoni, na mchicha kwenye kitabu cha Kiswahili. Msiwaulize inaitwaje, waulizeni humwambiaje mdogo wao wanapomtuma akaichume.