Theluji Ina Bei

Msikilizaji wa Mikindani, kinachotuweka nje ya michezo ya theluji si jua tu, ni mfuko. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1998 kule Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alimaliza mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji akiwa wa 92, wa mwisho. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mstarini, akamkumbatia. Picha ilizunguka dunia. Mlipaji hakutajwa sana. Ni kampuni ya Nike iliyogharimia mazoezi yake Finland. Mtelezaji mwingine wa Kenya, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alifika Olimpiki ya Pyeongchang 2018 kwa kulelewa Austria, kwenye milima yenyewe. Sisi Watanzania wenye Kilimanjaro, hadi Beijing 2022 hatukuwa tumepeleka mwanamichezo hata mmoja. Wala tusisingizie kukosa baridi, maana hata mchezo usiohitaji theluji tunakwama: watoto wa ghuba ya Mikindani wanaogelea tangu wakiwa wadogo, lakini bwawa la mita 50 watalipata wapi? Wenye bajeti ya michezo waanzie hapo.