Siku 45 za Mlipakodi Mdogo: Msaada wa Kisheria Bila Malipo katika Migogoro ya Kodi Kampala



Utangulizi

Tukitaja msaada wa kisheria katika mji huu, mawazo hukimbilia viwanja, talaka, matunzo ya watoto na mahabusu. Huko kazi kubwa imefanyika. FIDA Uganda wapo tangu 1974, Chama cha Wanasheria kina mradi wake wa msaada tangu 1992, na wanafunzi hupokea wateja katika kliniki za Law Development Centre na Chuo Kikuu cha Makerere. Mgogoro wa kodi hutajwa kwa nadra, kana kwamba ni balaa la matajiri peke yao.

Hoja yangu ni moja: mlipakodi mdogo hashindwi mbele ya baraza la rufaa za kodi, bali hushindwa kabla hajalifikia, siku zake za kupinga zikiwa zimekwisha. Kwa hiyo msaada uwekwe mwanzoni mwa njia.

Njia ilivyo kisheria

Ibara ya 152 ya Katiba ya 1995 inakataza kutoza kodi yoyote isipokuwa kwa sheria ya Bunge. Ibara ya 28 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa, lakini wakili wa kulipwa na serikali imemwekea tu mshtakiwa anayekabiliwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Mwenye mgogoro wa kodi anajitegemea.

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 inampa siku 45 za kuwasilisha pingamizi kwa Mamlaka ya Mapato, yaani URA. Kamishna naye ana siku 90 za kutoa uamuzi. Asiporidhika, mlipakodi ana siku 30 za kwenda Baraza la Rufaa za Kodi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria tu.

Siku 90 zikipita kamishna akiwa kimya, sheria inamruhusu mlipakodi kuchukulia kwamba pingamizi lake limekubaliwa, mradi amwandikie kamishna kumjulisha hivyo. Barua ya mistari mitatu inatosha kumaliza kesi. Lakini nani wa kumwambia muuza mitumba wa soko la Owino kwamba barua hiyo ipo?

Mfano wa duka moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anauza shilingi milioni 28 kwa mwaka. Kwa viwango vya biashara ndogo vilivyoanza Julai 2020, mwenye mauzo kati ya milioni 10 na 30 asiyeweka kumbukumbu hulipa shilingi 80,000 kwa mwaka. Huyu pia ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na fedha za kikundi hupita katika akaunti yake. Ofisa anasoma taarifa ya benki, anakuta milioni 90 zimeingia, anazihesabu zote kuwa mauzo. Kodi yake inapanda hadi 900,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu anadaiwa 2,700,000 badala ya 240,000.

Akipinga, sheria inamtaka alipe asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu asiyoipinga, ile iliyo kubwa. Asilimia 30 hapa ni 810,000, zaidi ya mara tatu ya kodi yote anayokiri kudaiwa. Mahakama ya Juu ilikwisha kukataa kulibatilisha sharti hilo, katika kesi ya Uganda Projects Implementation and Management Centre dhidi ya URA. Asipopinga, riba ya asilimia 2 kwa mwezi inaanza kuhesabiwa, na URA inaweza kuiagiza benki yake ilipe kutoka kwenye akaunti hiyohiyo, pamoja na fedha za wenzake.

Mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi ni wake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari la kikundi lipo, limejaa majina na sahihi za wanachama. Kinachokosekana ni mtu wa kulilinganisha na taarifa ya benki, mstari kwa mstari, kabla ya siku ya 45. Ni kazi ya alasiri mbili kwa mwanafunzi wa uhasibu. Kwa wakili wa kulipwa, ada inaweza kuimeza nafuu yote anayoitafuta.

Mapendekezo

Kwanza, kliniki zilizopo zifungue meza ya kodi, mwanafunzi wa sheria akae na wa uhasibu, chini ya wakili. Chuo cha biashara cha MUBS kipo Nakawa, jirani na makao makuu ya URA. Safari ya mteja ni ya miguu.

Pili, kanuni za 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kwa wasio na uwezo. Sehemu ya saa hizo ielekezwe kwenye mapingamizi ya kodi.

Tatu, notisi ya makadirio iambatane na ukurasa mmoja wa Kiluganda na Kiswahili, wenye tarehe ya mwisho ya kupinga na mahali pa kupata msaada. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, basi kifike na kwenye bahasha ya kodi.

Nne, Bunge liwaondolee sharti la asilimia 30 walipakodi wa viwango vya biashara ndogo.

Fedha zitatoka wapi? Marekani, kwa sheria ya 1998, ilianza kutoa ruzuku ya hadi dola 100,000 kwa mwaka kwa kliniki ya kodi ya watu wa kipato cha chini, kwa sharti kliniki nayo itafute kiasi kama hicho. Sisi tuanze na vyumba na walimu tulio nao.

Hitimisho

Wapo watakaosema tunawalinda wakwepa kodi. Mama wa mfano wetu hakatai kulipa. Anakataa kulipia fedha za wenzake. Akisikilizwa, atalipa 240,000 yake na kubaki kwenye daftari la walipakodi. Akifilisiwa, serikali imempoteza.

Mawakili wenzangu, hapo mlangoni kuna karatasi. Anayeweza kutoa saa mbili kwa wiki, aandike jina lake kabla ya kutoka.