Mashauri ya Chakula na Vidonge: Tuyasome Namna Gani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri



Mimi si tabibu, wala sikuja hapa kumwandikia mtu dawa. Ni karani kama ninyi, na kazi ya karani ni kusoma maandiko ya watu wengine, kuyapanga, na kuonyesha neno lililomo. Kazi hiyo ndiyo nitakayojaribu kuifanya leo juu ya jambo linalotusumbua sote, yaani mashauri ya chakula na siha, ambayo kila kukicha hugombana yenyewe kwa yenyewe.

Jana twaambiwa mayai ni adui wa moyo; leo twaambiwa mayai hayana neno. Huyu asifu mafuta ya nazi, yule ayalaani. Na mlangoni pa ofisi, na hata katika simu zetu za mkononi, hupita mwenye chupa za vidonge na unga wa kukoroga, akiahidi kuponya presha, sukari, maumivu ya viungo na uchovu, yote kwa chupa moja. Bei yake ni fungu kubwa la mshahara. Basi wako wenzetu waliokata tamaa wakasema, "Matabibu wenyewe hawajui, na tule tupendavyo." Wako na wengine wanaosadiki kila neno wanunue kila chupa. Kwa maoni yangu, wote wamekosa neno moja: hawakutazama anwani ya barua kabla ya kuisoma.

Shauri la afya ni mfano wa barua ya serikali. Lina aliyeliandika, lina aliyeandikiwa, na lina tarehe yake. Barua aliyoandikiwa Bwana Shamba haimwamuru karani wa posta, ijapokuwa sahihi iliyo chini ni ya mkubwa mmoja. Vivyo hivyo, mashauri mengi yanayoonekana kugombana hayagombani hata kidogo, bali yameandikiwa watu mbalimbali.

Tuanze na asili ya habari hizi. Mwaka 1747 James Lind, mganga wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury, alichagua mabaharia 12 wenye ugonjwa wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa kitu chake. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari, wengine machungwa na malimau. Wale wa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza halikuamuru maji ya malimau kwa mabaharia wake mpaka mwaka 1795, yaani miaka 48 baadaye. Baadaye tena, mwishoni mwa karne ya 19, Christiaan Eijkman, tabibu wa Kiholanzi aliyekuwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu, na walipopewa mchele wenye ganda lake wakapona. Mwaka 1912 Casimir Funk akavipa vitu hivyo vidogo vya chakula jina ambalo hata leo twalitumia, vitamini.

Mambo hayo yalikuwa ya kustaajabisha kweli. Mtu aliyelala akingoja kufa aliinuka kwa kitu kidogo alichokikosa. Lakini hapo ndipo watu walipoingiwa na wazo la pili, kwamba ikiwa kidogo humwinua aliyepungukiwa, basi kingi kitamzidishia nguvu asiyepungukiwa. Wazo hilo lina sura nzuri, na ndilo linalouza chupa mpaka leo. Lakini lilipopimwa, lilianguka.

Lilipimwa Finland. Matabibu walikuwa wameona kwamba watu walao mboga na matunda kwa wingi hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Wakadhani sababu ni beta-karotini, kitu kinachotia karoti rangi yake, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Wakachukua wanaume 29,133 wavutao sigara, wengine wakawapa kidonge cha beta-karotini kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu, wakawafuata kwa miaka mitano hadi minane. Habari zilipotolewa mwaka 1994, saratani ya mapafu ilikuwa imezidi, wala haikupungua, kwa sehemu 18 katika kila 100 kwa wale waliokunywa vidonge vile. Huko Marekani uchunguzi wa pili wa watu 18,314, ambao walikuwa wavutaji sigara, waliokwisha kuacha, na waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, ulikatizwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walipata saratani hiyo zaidi kwa sehemu 28 katika 100. Karoti haikuwa na kosa. Aliyekosea ni aliyedhani kwamba kidonge ni karoti.

Wala tusidhani mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Dar es Salaam yenyewe imetoa ushuhuda, na ushuhuda wake ndio unaonyesha vizuri maana ya anwani. Kuanzia mwaka 1995 matabibu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Harvard waliwachunguza wanawake wajawazito 1,078 walioambukizwa virusi vya UKIMWI, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wagonjwa wetu. Waliopewa vitamini za B, C na E maradhi yao yalikawia kuzidi. Lakini vitamini A haikuwafaa, na watoto wa mama waliopewa hiyo walionekana kuambukizwa zaidi. Kisha katika mji ule ule, wagonjwa 3,418 walioanza dawa za kufubaza virusi waligawanywa, nusu wakapewa vitamini kwa kipimo cha kawaida, nusu kwa kipimo kikubwa. Kipimo kikubwa hakikuleta faida yo yote juu ya kile cha kawaida, bali dalili za kuumia kwa ini zilizidi, hata uchunguzi ukasimamishwa mwaka 2009. Mtu asomaye vichwa vya habari tu atasema, "Tazama, leo vitamini zafaa, kesho hazifai." Lakini asomaye anwani ataona kwamba wa kwanza walikuwa wajawazito wasio na dawa, na wa pili walikuwa wenye dawa, tena waliulizwa swali lingine: si kama vitamini zafaa, bali kama nyingi zapita za kadiri. Hakuna ugomvi hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kudharau vidonge vyote ni hatari kama kuvisadiki vyote. Mama mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki ameandikiwa yeye barua ile, avimeze. Mtoto mdogo anayepewa matone ya vitamini A ameandikiwa yeye. Baba asiwazuie kwa kuwa amesikia kwamba vitamini A iliwadhuru wavutaji sigara wa Finland.

Sasa juu ya tarehe. Mwaka 1968 chama cha Marekani kiangaliacho maradhi ya moyo kiliwashauri watu wasile zaidi ya viini vitatu vya mayai kwa juma. Miongozo ya serikali ya nchi hiyo ya miaka 2015 hadi 2020 haikutaja tena kile kipimo cha zamani cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku, kwa maana ilikwisha onekana kwamba, kwa watu wengi, kolesteroli ya damu huongezwa zaidi na mafuta yagandayo kuliko ile iliyomo katika chakula. Je, matabibu walikuwa waongo? Hasha. Karani haitukani serikali kwa sababu waraka mpya umeufuta wa zamani. Huutia jaladani na kufuata ule mpya. Anayestahili kuogopwa ni yule ambaye maneno yake hayabadiliki hata akionyeshwa ushahidi.

Na juu ya mwandikaji sina haja ya kusema mengi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akiwa ndiye mshauri, ndiye shahidi, tena ndiye apokeaye fedha, tumwulize maswali mengi kabla ya kufungua mkoba.

Iko barua moja, mabwana, iliyoandikwa kwa ajili yetu wenyewe, na hiyo hatuisomi. Mwaka 1929 Daktari Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali upande wa Nyanza nchini Kenya, alitoa habari za vipimo vya presha ya watu wapata 1,000 wa huko. Presha yao haikupanda kwa umri kama ya Wazungu. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Mwaka 1990 zikatolewa habari za Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha yao ilikuwa imepita ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Miili yao ilikuwa mizito zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba wala chumvi nyingi kuliko zamani. Damu ni ile ile, kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha. Na sisi tuketio vitini kutwa, tulao mkate na chipsi zilizonyunyizwa chumvi mezani, ndio tulioandikiwa habari hiyo. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Iwe kidogo, lakini iwe yenye madini joto, yatukingayo na rovu.

Nalisema hili kwa uzito, maana presha haiumi. Mtu aweza kuacha dawa ya hospitali, akashika unga wa chupa, akajiona mzima kabisa hata siku anapopooza upande mmoja. Hapo mshahara hukatika, ada za watoto hukosa mlipaji, na muuza unga haonekani msibani.

Kwa hiyo, Bwana Rais, naleta shauri mbele ya mkutano. Halmashauri imwombe mwuguzi aje mara moja kila miezi mitatu, atupime presha sote kabla ya mkutano kufunguliwa. Na kila mwanachama anayetumia chupa yo yote aichukue, aende nayo kwa tabibu wake, amwonyeshe, wala asiache dawa aliyoandikiwa pasipo kumwuliza. Tukiletewa shauri jipya, tulisome kama tusomavyo barua za ofisini: limetoka kwa nani, limeandikiwa nani, la tarehe gani. Lisilo letu tulirudishe kwa mwenyewe bila hasira. Lililo letu tulitende.