Ukelele wa Vita Hauna Masikio

(Maongezi ya redio kwa familia zilizokimbia vita na viongozi wa mitaa, komini ya Ruashi, Lubumbashi)

 

Leo tunazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: maneno mawili au matatu ambayo watu huyapaza wanapokwenda kupigana. Wengine watasema, "Maneno tu, yanaua nani?" Lakini kati yenu wako waliosikia maneno hayo usiku, wakaamka, wakachukua watoto na kukimbilia porini. Hao hawahitaji kufundishwa nguvu ya neno.

Tusianze kwa kulaumu. Ukelele wa vita mara nyingi huzaliwa na mtu mnyonge. Mwenye bunduki nyingi hana haja ya kupiga kelele. Inasimuliwa kwamba mwaka 480 kabla ya Kristo, mfalme Leonidas wa Sparta, mwenye askari wachache, aliambiwa na mfalme wa Waajemi atoe silaha zake. Akajibu: "Njoo uzichukue." Neno hilo linasifiwa mpaka leo. Lakini tukumbuke mwisho wake: Leonidas na watu wake waliuawa, na Waajemi wakapita. Neno lilibaki, watu hawakubaki.

Tuje kwetu Afrika. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba kwa malipo kidogo sana na kwa viboko. Mtu mmoja wa Ngarambe, Kinjikitile Ngwale, aliwapa watu maji ya dawa na kusema kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji. Makabila ambayo zamani hayakuwa na umoja yaliungana kwa neno moja: "Maji! Maji!" Kweli, uchungu wao ulikuwa wa haki. Kweli, neno hilo liliwaunganisha. Lakini kule Mahenge, mwisho wa Agosti 1905, walikwenda mbele ya bunduki za rashasha wakiita maji, na risasi hazikugeuka. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa mwanzoni mwa mwezi ule. Halafu Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanahesabu wafu kuanzia 75.000 mpaka 300.000.

Hapa Kongo tulisikia sauti ile ile mwaka 1964. Simba wa mashariki walipaza "Mai Mulele!" Nao pia walinyunyiziwa maji, wakapewa miiko, wakaambiwa risasi haitawaingia. Mwanzoni askari wa serikali walikimbia kwa kusikia tu ukelele ule, na mwezi wa Agosti Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ikaanguka. Lakini mwezi ule ule, kule Bukavu, askari wa Kanali Mulamba hawakukimbia, na Simba wengi walikufa. Nanyi mjue jambo moja: Pierre Mulele, mwenye jina lile, hakuwa pamoja nao. Alikuwa Kwilu, upande wa pili wa nchi. Vijana walikufa wakiita jina la mtu ambaye hawajamwona kwa macho.

Hilo ni funzo la kwanza. Ukelele wa vita una mdomo, hauna masikio. Huwezi kuuliza swali. Kijana aliye katikati ya wenzake wanaopiga kelele hawezi kusema, "Ngojeni kidogo, hii dawa ilijaribiwa wapi? Nani atalisha mama yangu kama sirudi?" Akiuliza, anaitwa mwoga au msaliti. Ndiyo maana wakubwa wa vita wanapenda maneno mafupi. Neno fupi halina nafasi ya "lakini".

Funzo la pili liko hapa hapa Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga. Kulikuwa na bendera yenye misalaba ya shaba, na maneno mazuri ya nguvu, matumaini na amani. Lakini Baluba wengi wa kaskazini mwa Katanga, watu wa Balubakat ya Jason Sendwe, walikataa. Wao si Wakatanga? Hata hivyo vijiji vyao vilichomwa moto, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikaa katika kampi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, katika mji huu huu wa Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Elisabethville. Mambo ya kujitenga yalikwisha Januari 1963, lakini makovu hayakwisha.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1992 na 1993, jambo lilirudi kwa sura nyingine. Safari hii walioambiwa "rudini kwenu" walikuwa ndugu wa Kasai. Wengi walizaliwa hapa hapa. Baba zao na babu zao waliletwa na Union Minière na kampuni ya reli kufanya kazi. Kabla ya nyumba zao kuchomwa, walianza kuitwa wadudu. Angalieni mpangilio huo: kwanza jina, baadaye jiwe, mwishowe moto. Mtu hawezi kwa urahisi kumpiga jirani aliyemwazima chumvi jana. Lakini mdudu anakanyagwa bila kufikiri. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Katika gare za Likasi na Kolwezi familia zililala chini wiki na miezi zikingojea treni, na watoto wengi walikufa kwa magonjwa.

Kwa hiyo, mtu akisema "yetu", muulizeni kwa upole: "Yetu na nani? Nani yuko ndani, nani umemwacha nje ya mlango?" Neno "yetu" ni kama nyumba. Linaweza kupokea mgeni, na linaweza kumfukuza mtoto wa nyumbani.

Ndugu zetu mliotoka Mitwaba, Pweto na Manono mnajua sura ya tatu. Nchi yenu iliitwa pembetatu ya kifo. Kutoka huko lilitokea kundi la Bakata Katanga, na mwito wao uko katika jina: Katanga ikatwe, itengwe na Kongo. Tarehe 23 Machi 2013 waliingia Lubumbashi na bendera ya misalaba, wengi wao wakiwa na pinde, mishale na hirizi. Walipigana na askari, wakakimbilia kwenye kampi ya Umoja wa Mataifa. Watu zaidi ya 30 walikufa siku ile. Tarehe 14 Februari 2021 kampi za askari za Kibati na Kimbembe, hapa Lubumbashi, zilishambuliwa, na tena kukawa maiti. Nani alifaidika? Mkulima wa Mitwaba alipata shamba? Mjane alipata dawa?

Sasa tufanye nini? Kukataza maneno tu hakutoshi, maana chini ya ukelele kuna uchungu wa kweli. Kijana anayesema "Katanga ni yetu" pengine anataka kusema: "Shaba inapita mbele ya macho yangu kila siku, na mimi sina kazi." Mkimpiga kofi kwa lile neno la kwanza, hamtasikia kamwe la pili. Viongozi, sikilizeni la pili. Ulizeni: unataka nini hasa? Kazi? Shule? Shamba la baba yako? Mambo hayo yanaweza kuandikwa, kupelekwa komini, kujadiliwa. Ukelele hauwezi kujadiliwa.

Ninyi wazazi, sikilizeni michezo ya watoto uani. Mtoto akiimba jina baya la kabila fulani, hakulitunga yeye. Amelisikia kwa mkubwa, pengine mezani kwenu. Ninyi mliopoteza wafu wenu, hatuwaambii msahau. Simulieni yaliyotokea, kwa majina ya vijiji na ya wafu. Lakini msimwachie mtoto kabila zima kuwa adui. Aliyechoma nyumba ana jina lake na mikono yake.

Tena tusidhani kwamba mwito wowote ni mbaya. Kule Kenya, "Harambee" lilikuwa neno la watu wanaovuta mzigo pamoja. Tangu 1963 Kenyatta alilifanya mwito wa taifa, na shule nyingi zilijengwa na wananchi wenyewe. Lakini hata neno jema huharibika. Wazee wanakumbuka "Salongo" wakati wa Mobutu: kazi ya pamoja kwa maneno, ya kulazimishwa kwa matendo. Basi neno tulipime kwa kazi yake. Likiisha kutamkwa, kuna ukuta uliosimama, au kuna ukuta ulioanguka?

Taifa letu lina maneno yake matatu: Haki, Amani, Kazi. Tazameni, haki imetangulia. Bila haki, amani ni usingizi wa mtu mwenye njaa. Tuyadai hayo kwa sauti, mchana, kwa majina yetu, bila kumwondoa jirani katika neno "yetu".

 

Maswali ya kuzungumza katika familia na katika kartiye:

1. Ni maneno gani yaliyotangulia kabla ya vita kufika kwenu? Nani aliyasema, na nani alinyamaza?
2. Hapa Ruashi tunaposema "sisi", tunawahesabu nani? Waliofika kwa sababu ya vita wamo?
3. Vijana wetu wana uchungu gani wa kweli, na shefu wa kartiye anaweza kuupeleka wapi?