Sekunde Saba za Gregory Coleman



Jioni hii nitazungumzia sekunde saba za dramu.

Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Washington lilikuwa na wimbo mmoja mzuri, "Color Him Father", na likahitaji wa kujazia upande wa pili wa santuri. Wakaingia studio mjini Atlanta, wakaunda wimbo wa ala tupu kwa muda mfupi, wakauita "Amen, Brother". Ulipoonekana mfupi, wakaurefusha kwa kumwachia mpiga dramu wao, Gregory Coleman, apige peke yake vipimo vinne vya mapigo manne manne. Viwili vya kwanza vinafanana. Katika cha tatu anachelewesha pigo la snea. Cha nne anakiingia bila pigo la dramu kubwa, kisha tuazi linalia mapema kuliko sikio linavyotarajia.

Mwaka 1986 kipande hicho kiliingia katika Ultimate Breaks and Beats, mfululizo wa santuri zilizokusanywa kwa ajili ya madijei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa London wakakipakia kwenye sampla, mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvipiga upya. Coleman alipiga takriban mapigo 137 kwa dakika; wao walitaka 165 au zaidi. Wakati ule ulipoikimbiza rekodi, sauti nayo ilipanda, kama santuri inapozungushwa haraka. Kutoka 137 hadi 165 inapanda zaidi ya nusu toni tatu: dramu zinakuwa nyembamba, kali, zenye wasiwasi. Kisha wakakata kila pigo, wakalipa kitufe chake kwenye kinanda, wakayapanga upya na kuyawekea besi nzito chini yake. Muziki wa jungle ulijengwa kwa kazi hiyo.

Kwa nini walijisumbua, ilhali mashine za dramu zilikuwepo, hazichoki wala hazichelewi? Nadhani ni kwa sababu kila pigo la Coleman lina uzito wake, na kati ya mapigo makubwa kuna madogo yanayonong'ona. Hata ukiyakatakata, kila kipande kinabaki na alama ya mkono.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: programu ya muziki ikijitolea kuyanyoosha mapigo yote yakae juu ya mistari yake ya muda, ikatae. Weka alama mwanzoni mwa kila kipimo tu, na yaliyo katikati yaache yapumue. Katika kipimo cha nne, alama yako itaangukia mahali ambapo dramu kubwa haikupigwa. Usiisogeze kutafuta pigo. Pale ndipo mpigaji alipoamua kutopiga, na uamuzi huo ni sehemu ya muziki.

Somo hili tunalo nyumbani. Singeli ya Manzese na Tandale imekuzwa na maprodyuza wanaochukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika. Nyuma ya kila kipande kuna vidole vya mtu aliyekuwa akinogesha wimbo, bila kujua kwamba wajukuu zake watauchezea.

Na hapo linakuja deni. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Maelfu ya nyimbo zilitengenezwa kwa mapigo yake, naye hakupata mrabaha. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki huo walimchangia kiongozi wa kundi, Richard Spencer, pauni 24,000. Ulikuwa moyo mwema, lakini aliyeshika fimbo za dramu alikuwa kaburini.

Ombi langu kwa kijana anayefungua kompyuta usiku wa leo ni hili: kabla hujakata sauti, andika nani alipiga, lini, wapi, na nani anastahili kulipwa. Asiyejulikana, mtafute angali hai.

Sasa tuzisikilize sekunde hizo saba, kama alivyoziacha mwenyewe.